Mji Uliomezwa na Msitu: Safari ya Kutoka Ijara Mpaka Gede

Katika pande za Ijara, kusini ya Garissa, mtu hahitaji kufundishwa kutembea. Mfugaji huwafuata wanyama wake toka alfajiri mpaka jua kuchwa, na mwenda sokoni Masalani huhesabu safari yake kwa visima vilivyomo njiani kuliko kwa maili. Nchi yenyewe ni tambarare. Upande wa kusini-mashariki, kuelekea bahari na mpaka wa Somalia, vichaka vyake huzidi kusongamana mpaka vikawa Msitu wa Boni. Mvua za huko hushinda zile za Garissa mjini, kwa hiyo malisho hupatikana hata wakati wa kiangazi, na wafugaji wa mbali huja na ng'ombe wao. Lakini kwa sababu iyo hiyo mbung'o nao hupatikana.

Walakini kutembea kwa ajili ya kazi ni jambo moja, na kutembea kwa ajili ya kuona na kufikiri ni jambo jingine. Safari inayoelezwa hapa ni ya namna hii ya pili. Haina mlima wa kupanda wala mto wa kuogelea. Mzee aweza kuifanya kwa bakora yake, na mtoto wa shule aweza kuifanya bila ya kubebwa. Ni matembezi ya nusu siku, chini ya kivuli cha miti, katikati ya mji ulioachwa na wenyeji wake yapata miaka 400 iliyopita. Mji huo ni Gede, ambao katika vitabu vya serikali huandikwa pia Gedi, nao uko Kilifi karibu na Malindi.

NJIA YA KWENDA

Atokaye Masalani huuvuka Mto Tana, akashika barabara kuu itokayo Garissa na Hola kwenda pwani. Hupita Garsen, katika nchi ya mashamba ya Wapokomo, penye migomba, miembe na mpunga, na ya malisho ya Waorma. Kisha huvuka daraja la mto Sabaki na kuingia Malindi. Kutoka Malindi kwa njia ya Mombasa ni mwendo wa kilomita kama 16 tu mpaka Gede, pale inapoachana barabara ya kwenda Watamu. Wakati wa masika na wa vuli msafiri yampasa kuuliza habari za njia kabla ya kuondoka, maana Tana ikifurika barabara hukatika, na mtu aweza kulala siku kadhaa upande asioutaka.

Njia hii ya kutoka kaskazini kwenda kusini ni ya kale sana. Wamijikenda, ambao ndio wenyeji wengi wa nchi ya Gede leo, husimulia kwamba babu zao walitoka Shungwaya, upande wa kaskazini ya Tana, wakashuka polepole na kujenga kaya zao katika misitu ya pwani. Wataalamu wangali wakibishana Shungwaya hiyo ilikuwa wapi hasa na ni wangapi waliotoka huko, lakini masimulizi yenyewe yangalipo. Baadaye Waoromo, waliokuwa wakiitwa Wagala, walienea kutoka kaskazini mpaka nyuma ya Malindi. Na katika karne ya 19 Wasomali wakauvuka mto Juba na kuendelea kusini mpaka kuikaribia Tana. Basi mtu wa Ijara anaposhuka pwani asidhani kuwa anakwenda nchi isiyomhusu, maana anakanyaga juu ya nyayo za wengi.

KUINGIA MSITUNI

Mbele ya lango la Gede pana nyumba ndogo ya makumbusho, na ni vyema mtu kuipitia kwanza, ili macho yake yajue yatakayoyatafuta. Toka hapo njia huingia mitini, na mara moja hewa hubadilika. Nje jua ni kali, na pikipiki na magari yanapita. Ndani ni kivuli, harufu ya majani yaliyooza, na sauti za ndege. Mibuyu mikubwa imesimama katikati ya magofu, na miti mingine imeota juu ya kuta zenyewe. Mizizi yake imeteremka katika nyufa za mawe kama vidole vya mtu anayeshika mkate, mpaka haijulikani tena kama mti unaubomoa ukuta au unauzuia usianguke. Mambo yote mawili ni kweli, na ndiyo maana walinzi hawawezi kuikata miti yote wala kuiacha yote.

Kima wako wengi, tena hawaogopi watu, na asiyeuangalia mfuko wake atanyang'anywa ndizi zake mbele ya macho yake. Mwenye bahati na mwendo wa kimya huweza kumwona sange mwenye mgongo wa nyuma wa rangi ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, akichakurachakura majani makavu kutafuta wadudu. Mnyama huyu haonekani katika nchi nyingine yoyote duniani isipokuwa katika misitu michache ya pwani ya Kenya, hasa Arabuko-Sokoke iliyo jirani. Apitapo mtu njiani hukimbia kwa kurukaruka, na ile rangi ya dhahabu hung'aa mara moja kisha ikapotea.

MJI ULIVYOKUWA

Ukuta wa nje wa mji ulizunguka eka kama 45. Ndani yake palikuwa na ukuta wa pili, uliojengwa baadaye, ambao ulikinga jumba la mfalme, Msikiti Mkuu na nyumba za mawe za watu wakubwa. Kati ya kuta hizo mbili ndipo walipokaa watu wengi, katika nyumba za udongo na makuti. Watu wote wa mji hukadiriwa kuwa walifika kama 2,500. Za makuti hazipo tena. Mvua na mchwa vimezimaliza. Kwa hiyo mgeni na akumbuke jambo hili tangu mwanzo: yale anayoyaona si mji wote. Ni sehemu ya wale waliokuwa na uwezo wa kuchoma chokaa na kuwalipa mafundi wa mawe.

Mji ulianza kukaliwa yapata karne ya 11 au ya 12, ukafikia kilele cha neema yake katika karne ya 15, na mwanzoni mwa karne ya 17 ukawa hauna mtu. Karibu na msikiti pana kaburi lililoandikwa mwaka wa 802 wa Hijra, yaani 1399 wa Masihi. Wachimbaji walilishukuru sana kaburi hilo, kwa maana tarehe moja iliyoandikwa katika jiwe huwa kama msumari uliopigiliwa ukutani. Mambo mengine yote hutundikwa juu yake. Vipande vya vyombo vilivyookotwa chini ya tabaka la kaburi hujulikana kuwa ni vya kabla yake, na vilivyo juu kuwa ni vya baada yake. Si mbali na hapo pana kaburi jingine lenye nguzo ndefu iliyochongwa mifuo kutoka chini kwenda juu. Makaburi ya nguzo namna hii ni kazi ya Waswahili wenyewe, nayo huonekana kutoka pwani ya Somalia mpaka Tanzania.

Msikiti Mkuu ulijengwa katikati ya karne ya 15, ukajengwa upya karne moja baadaye. Dari yake ilianguka zamani, kwa kuwa ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti zilipooza zege lote likashuka. Safu za nguzo zimebaki, na mihrabu ingalipo, ikionyesha mahali palipopachikwa vibakuli vya kaure. Juu ya mlango mmoja umechongwa mkuki. Nje pana kisima na birika la kutawadhia. Mfugaji wa Ijara akifika hapo yamkini hatauliza kwanza jina la mfalme. Atasogea kwenye ukingo wa kisima, atatazama chini, na kuuliza maji yalikuwa wapi. Nalo ni swali lililo bora kuliko yote ya Gede, kama itakavyoonekana.

NYUMBA YA MFALME NA ZA MAJIRANI

Jumba la mfalme lina viwanja vya kuzungumzia na wageni, vyumba vya wanawake, na maghala. Chumba kimoja hakina mlango kabisa. Aliyetaka kuingia alipanda ngazi, akapita katika tundu lililo juu ukutani, akashuka ndani. Na ndivyo walivyolinda mali zao. Kando ya jumba zimechimbuliwa nyumba za mawe zilizoshikamana, zikitengwa na vichochoro vyembamba. Kila moja ina uwanja wake wa mbele uliochimbwa chini kidogo, vyumba virefu vyembamba, kwa kuwa boriti ya mkoko haifiki mbali, na choo cha shimo chenye mahali pa kujitawadhia. Mtu ambaye amepata kuona vijiji vingi visivyo na choo hata leo husimama hapo kwa muda.

Nyumba hizo zimepewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake. Iko Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe, na nyumba iliyochorwa jahazi ukutani. Vyombo vya kaure vilitoka China, ushanga ulitoka Venice, na ile taa ya chuma husemwa kuwa ilitoka India. Mji huu hauko ufukoni: bahari iko mbali kilomita kama 6, na hori ya Mida kama kilomita 3. Hata hivyo mali za nusu ya dunia zilifika hapa kwa mabega ya wachukuzi, na kwa hakika zilibadilishwa na vitu vilivyotoka bara, hasa pembe za ndovu. Na pembe hizo hazikuwindwa na mfanya biashara aliyeketi juu ya baraza. Ziliwindwa na watu wa misituni wenye pinde na sumu ya mshale, ambao majina yao hayakuandikwa kaburini.

Katika baadhi ya nyumba wachimbaji walikuta vyungu vilivyofukiwa chini ya sakafu karibu na mlango. Hayo ni mafingo, yaliyowekwa ili kuilinda nyumba na mwivi na husuda. Basi mwenye nyumba huyo aliswali katika Msikiti Mkuu mchana, alikula katika sahani ya China jioni, na usiku alilala juu ya fingo lake. Hapana haja ya kumcheka. Wako wengi leo wenye saa ya mkono na redio ambao nyumba zao zikichimbuliwa hazitakosa kitu.

NANI ALIYEUJENGA?

Mwaka 1884 John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza huko Unguja, alifika na kuyaona magofu. Mwaka 1927 serikali ilitangaza kuwa ni ukumbusho wa kale wa kuhifadhiwa. Kazi kubwa ya kuchimba ilianza mwaka 1948 chini ya James Kirkman, akaiendesha mpaka mwaka 1958. Alifanya kazi kwa uangalifu, na mengi yajulikanayo juu ya Gede yametokana na jembe lake. Lakini kitabu alichokitoa mwaka 1954 alikiita kwa jina la mji wa Kiarabu wa Gede, na jina hilo lilibeba fikira iliyokuwa ya kawaida wakati huo: kwamba jengo la mawe katika Afrika sharti liwe limeletwa na mgeni, na mwenyeji kazi yake ilikuwa kuchukua mawe tu.

Fikira hiyo haikusimama. Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, akaona chini ya msikiti wa mawe misikiti mingine ya zamani zaidi, ya miti na udongo, mmoja juu ya mwenzake, kuanzia karne ya 8. Mji haukuletwa ndani ya jahazi ukiwa tayari. Ulikua mahali pake, kidogo kidogo, kama mtoto. Mwaka 2023 ukatolewa uchunguzi wa mifupa ya watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani, ikiwamo Mtwapa, Manda na Kilwa. Ulionyesha kwamba toka yapata mwaka 1000 watu wa pwani walichanganyika: upande wa akina mama ulikuwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa, na upande wa baba wengi wao ulitoka Uajemi na nchi nyingine za Asia. Basi wale waliosema ni wageni tupu walikosa, na wale waliosema hapana mgeni aliyeingia nao walikosa. Waliokaa Gede walikuwa Waswahili, na hilo latosha kuwa jibu.

Neno hili si la wataalamu peke yao. Mtoto aliyesoma shuleni kwamba kila kuta nzuri katika nchi yake zilijengwa na watu wengine hutoka shuleni akiwa amepungukiwa kitu ambacho hesabu na jiografia haziwezi kumrudishia.

KWA NINI WALIONDOKA

Jambo la ajabu ni kwamba Wareno, waliofika Malindi mwaka 1498 na kukaa huko karibu karne nzima ya 16, hawakuacha habari yoyote ya mji wa Gede, ingawa ulikuwa mwendo wa saa chache tu. Sababu za kuhamwa kwake hazikuandikwa popote, ila dalili ni tatu.

Ya kwanza ni vita. Mwaka 1589 Wazimba, waliotoka kusini wakiharibu nchi, waliingia Mombasa, kisha wakaishambulia Malindi, wakapigwa huko kwa msaada wa Wasegeju. Mwaka 1593 sheikh wa Malindi alihamia Mombasa, na mwaka huo huo Wareno wakaanza kuijenga Ngome ya Yesu. Nguvu za pande za Malindi zikapungua. Ya pili ni kuenea kwa Waoromo kutoka kaskazini. Na jina lenyewe la Gede husemwa kuwa ni neno la Kioromo lenye maana ya kitu cha thamani, hivi kwamba jina walilolitumia wenyeji wa kwanza halijulikani kwa hakika. Ya tatu ni maji. Kisima kimoja cha karibu na Msikiti Mkuu kilichimbwa na kuongezwa kina, dalili ya kuwa maji yalikuwa yakishuka. Vita huua watu, lakini waliosalia hurudi na kujenga. Maji yakitoweka, hata mshindi huondoka.

Hapo ndipo swali la mfugaji linapopata uzito wake. Mji ulio na kuta mbili, misikiti kadhaa, taa ya chuma na sahani za China ulishindwa na jambo lile lile linaloweza kukivunja kijiji cha mahema ya Kisomali: ndoo iliyoteremka kisimani ikapanda na tope. Hakuna sababu ya mtu wa nchi kame kujiona mdogo mbele ya magofu haya. Anayajua maisha yake kwa ndani kuliko mgeni aliyeshuka katika ndege.

FAIDA KWA WENYEJI

Kwa miaka mingi Wagiriama wa karibu waliyaogopa magofu, wakisema yana mizimu yake, na hofu hiyo ilikuwa mlinzi mwema kuliko askari, kwa sababu miti haikukatwa. Siku hizi pana ulinzi wa namna nyingine. Toka mwaka 1993 upo mradi wa Kipepeo, ambao wakulima wa kandokando ya Msitu wa Arabuko-Sokoke huwalea viwavi mpaka wakawa mabuu, na mabuu hao huuzwa katika bustani za vipepeo za Ulaya na Marekani. Mkulima anayepata ada ya shule ya mwanawe kutokana na vipepeo hana haja ya kuambiwa faida ya msitu. Mwezi wa Julai mwaka 2024, katika mkutano uliofanyika New Delhi, Gede iliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kaya za Wamijikenda zilikuwa zimeandikwa humo tangu mwaka 2008.

MSITU USIO NA MAGOFU

Msafiri wa Ijara anaporudi kwao, hapana budi aulinganishe msitu alioutoka na msitu ulio nyuma ya nyumba yake. Sehemu ya Msitu wa Boni iliyo katika Ijara ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1976, nayo ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,339. Mwaka 2010 wataalamu walioweka kamera katika misitu ya Boni na Dodori walitangaza picha za sange ambaye hawakuwa wamemjua kuwapo huko, na kamera hizo zilionyesha pia paa nunga kwa wingi, mnyama adimu aliyekuwa akidhaniwa kusalia Unguja na Arabuko-Sokoke tu. Kwa wanyama, basi, Boni haishindwi na Gede hata kidogo.

Na kwa watu je? Msitu huo ni makao ya kale ya Waaweer, ambao majirani huwaita Waboni. Lugha yao ni ndugu wa Kisomali. Waliishi kwa uwindaji, matunda, mizizi, na asali. Mwaweer hupiga mluzi, ndege mwongoza-asali humjibu, naye humfuata kutoka mti hadi mti mpaka kwenye mzinga wa nyuki. Akiisha kupakua humwachia ndege nta yake. Ujuzi huu si hadithi ya kuwafurahisha watoto. Mwaka 1989 Hussein Isack na mwenzake Reyer walitoa hesabu walizozifanya kwa Waborana wa kaskazini ya Kenya, ambao nao huongozwa na ndege huyo. Katika nchi wasiyoizoea, mtafuta asali aliyekwenda peke yake alitumia karibu saa 9 kuupata mzinga mmoja. Aliyeongozwa na ndege alitumia saa 3 na kidogo.

Lakini Waaweer hawakuchoma chokaa, wala hawakujenga kuta. Nyumba zao zilikuwa za miti na majani, na walipohama zilirudi kuwa msitu. Katika miaka ya 1960, wakati wa vita vya shifta, walitolewa misituni na kukusanywa katika vijiji vya kando ya barabara. Mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku nchini kote, na kazi ya baba zao ikawa kosa la jinai. Mwaka 2015 serikali ikaanzisha operesheni kubwa ya usalama katika Boni dhidi ya al-Shabaab waliojificha humo, na hata kuingia kutafuta asali kukawa jambo la hatari. Sasa wamebaki elfu chache tu.

Hapa ndipo penye jambo la kufikiri. Gede ililindwa kwa sababu mawe yalisema. Hata watu waliokosea juu ya wajenzi wake waliweza kuligusa jiwe, wakajua kuwa palikuwa na watu. Katika Boni hapana jiwe la kugusa. Ushahidi wa kuwa msitu ule ulikaliwa umo katika vichwa vya wazee: majina ya mahali, njia za asali, miti ya dawa, makaburi ya babu zao. Kaburi la Gede lilingoja karne tano likasomwa. Kichwa cha mzee hakingoji. Akifa bila ya kuulizwa, amechukua mji mzima pamoja naye, wala hapana mchimbaji atakayeufukua kwa jembe.

Si kwamba watu wa Ijara hawawezi kuhifadhi kitu. Huko Ishaqbini, karibu na ukingo wa Tana, wafugaji wenyewe walitenga ardhi yao kwa ajili ya hirola, swala ambaye idadi yake duniani inakadiriwa kutozidi 500, na mwaka 2012 wakazungushiwa ua wa kuwazuia wanyama wakali. Kundi la hirola 48 walioingizwa humo limeongezeka mpaka kupita 100. Watu walioweza kumwokoa mnyama ambaye wataalamu walikuwa wamekwisha kumlilia hawatashindwa kuandika katika daftari jina la kisima, la mti na la njia, pamoja na jina la mzee aliyeyasema.

Kwa hiyo safari ya Gede ifanywe na kila mwenye kuweza. Mwalimu awapeleke wanafunzi wake, na karani atumie siku moja ya likizo yake. Avae viatu vilivyofunika vidole, achukue maji yake, asipande juu ya kuta, wala asiwape kima chakula, maana wakizoea huwa wezi. Asimame penye kile kisima cha msikiti na kukitazama kwa kituo. Na akirudi Ijara, jambo la kwanza kabla ya kusimulia aliyoyaona ni kumtafuta mzee mmoja, akae naye kivulini, amwulize watu wa zamani walikaa wapi na walikunywa maji gani, na aandike majibu yake angali hai.